Darini, mlangoni na kwenye droo: kuzuia wizi Lamu siku za sikukuu

Lamu kila mtu anajua saa ambayo nyumba ya jirani haina mtu. Usiku wa Ramadhani, tangu adhana ya Isha hadi tarawehe imalizike, nyumba nyingi hubaki na mtoto aliyelala au hubaki tupu. Asubuhi ya Idi watu wako kwenye swala, kisha wanapitia makaburini, kisha kwa wazee. Mfungo Sita, zefe (maandamano ya ngoma) la Maulidi likielekea msikiti wa Riyadha, maduka ya mtaa wa Langoni huachiwa kijana mmoja ambaye shingo yake yote iko kwenye matari. Desemba, wanaotoka bara hufunga nyumba na kwenda kwao kwa Krismasi. Mwizi wa sikukuu hahitaji kuchunguza, kalenda inamwambia. Kwa hiyo anza na saa, kufuli zifuate.

Kaa na watu wa nyumba mbili mnazopakana nazo, wiki moja kabla. Andikeni saa ambazo nyumba zote tatu zitakuwa tupu, mgawane. Nyumba tatu zikikubaliana, kila moja inaacha mtu mzima mmoja kwa zamu moja tu, na hakuna anayekosa sikukuu nzima. Anayebaki akae barazani, asikae chumbani. Mtu wa barazani anaonekana kutoka pande zote mbili za kichochoro, na anaona nani amepita mara ya pili bila shughuli. Redio iliyoachwa ikiimba ndani ya nyumba iliyofungwa haimdanganyi mtu wa mtaa.

Panda darini kwanza

Watu wengi hutia pesa kwenye mlango wa mbele, ambao katika nyumba ya kale tayari ndio sehemu ngumu kuliko zote: mbao nzito, mfaa (nguzo ya mlango) katikati, komeo kwa ndani. Udhaifu uko juu, darini, yaani kwenye paa bapa. Nyumba za mji zimeshikana kuta, wikio limevuka kichochoro na kuunganisha nyumba hii na ile, na kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko wazi kwa mbingu. Aliyeingia kwenye nyumba inayojengwa, au ya mwenyewe aliye ng'ambo, anaweza kutembea juu nyumba tatu au nne na kushuka kwako bila kugusa njia.

Panda mchana, usimame ukingoni mwa dari lako mwenyewe, ujiulize: mtu asiye na ngazi angepitia wapi? Popote ambapo dari la jirani linapishana na lako kwa kimo cha chini ya mita 2, hapo ni mlango. Ondoa ngazi, boriti zilizoegemezwa ukutani, na ndoo kubwa au ngoma za maji zinazoweza kupandwa. Tangi la maji lililowekwa kando ya ukuta ni kidato; lisogeze angalau mita moja na nusu ndani. Kamba ya kuanikia nguo iteremshwe jioni, maana ndiyo hutumika kushushia mizigo kiwandani.

Vipande vya chupa juu ya ukuta havistahili tumaini vinalopewa. Gunia lililokunjwa mara mbili linavifunika, na anayeumia baadaye ni fundi wa makuti au mtoto anayefuata kishada.

Kinachofaa ni mlango wa mwisho wa ngazi, pale dari linapokutana na nyumba. Uwe wa mbao ngumu unene wa sentimita 4 au zaidi, na makomeo mawili ndani, moja juu na moja chini. Komeo moja la katikati humwacha mtu asukume pembe ya chini kwa mguu mpaka mbao ipinde.

Kabla ya kununua komeo, kagua ukuta. Chukua bisibisi, uisukume kwenye chokaa kati ya mawe, kando ya fremu. Ikiingia urefu wa kidole na kutoka na unga mweupe mkavu, fremu hiyo haijashikwa na kitu. Msumari wa sentimita 7 kwenye ukuta wa namna hiyo hutoka kwa kuvutwa na mkono, hata kufuli ikiwa ya elfu ngapi. Chimba chokaa iliyokufa, jaza upya kwa chokaa, kisha fremu ishikwe na vyuma vya milimita 12 vilivyozama sentimita 15 hadi 20, vitatu kila upande. Usikimbilie saruji: haipatani na mawe ya matumbawe ya kuta za kale, inafungia unyevu, na baada ya misimu michache kipande kizima huachana na ukuta pamoja na fremu yake. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, basi kabla ya kutoboa au kubadili mlango wa nyumba ya kale pitia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Kitaifa. Mafundi wanaojua chokaa wanajulikana pale.

Kiwanda kikiwekewa nondo juu, ziwe za milimita 12, nafasi kati ya moja na nyingine isizidi sentimita 12. Nafasi ya sentimita 20 inapitisha mtoto mwembamba, na watoto hutumwa. Sehemu moja ya nondo lazima ifunguke kwa ndani, kwa ufunguo uliotundikwa mahali ambapo kila wa nyumbani anapajua na mkono wa nje haufiki. Makuti yakishika moto, dakika za kutoka ni chache mno.

Kufuli na hewa ya bahari

Chumvi inakula kufuli Lamu kwa haraka. Kufuli ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu inafanana na ya shaba dukani. Nenda na sumaku ndogo. Ikinata kwenye mwili wa kufuli, hiyo si shaba. Chagua mwili wa milimita 50, na chuma cha juu kilichopinda kiwe na unene wa milimita 8 au zaidi, kisichoshika kutu. Kadiri nafasi inayobaki kati ya chuma hicho na mlango inavyokuwa ndogo, ndivyo mtaimbo unavyokosa pa kuingia.

Kila mwezi ioshe kwa maji matamu, ikauke juani, kisha tia matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye tundu la ufunguo na mawili pale chuma cha juu kinapoingilia. Mafuta ya nazi na ya kupikia yanaganda, yanakamata vumbi la chokaa, na siku ya safari ufunguo unakatikia ndani.

Tumbuu (pete inayopitishwa kufuli) na bamba la kufuli vifungwe kwa bolti zinazopenya mbao hadi ndani, nati ziwe upande wa ndani. Skrubu zinazoonekana nje mlango ukiwa umefungwa hutolewa kwa bisibisi, na kufuli hubaki nzima ikining'inia.

Ufunguo usiwekwe juu ya daka la mlangoni, chini ya mkeka wala kwenye kopo la maua. Mpe mtu mmoja, na wengine wajue ni nani. Ukipotea, badilisha silinda siku hiyo hiyo.

Dukani

Wiki ya Idi droo hujaa mara nne au tano ya kawaida na mikono inayoigusa huongezeka. Weka kikomo: pesa zikifika shilingi 5,000, zinazozidi zinahamishwa kwenye sanduku lililopigwa bolti sakafuni, lenye mpasuo juu na ufunguo usiokaa dukani. Usihesabu mauzo kwenye kaunta. Kwenda benki kusiwe saa ile ile kila siku wala kwa njia ile ile, na mfuko uwe wa kawaida, wa mboga hata. Kufunga duka kuwe na watu wawili: mmoja anashusha mlango, mwingine anaangalia njia na hashiki simu.

Ujanja wa chenji ndio unaowatia hasara wengi, maana mwenye duka hugundua usiku. Mteja anatoa noti ya 1,000 kwa kitu cha shilingi 80. Unahesabu 920. Kabla hujamaliza anasema, subiri, nina mia hapa, nirudishie elfu yangu. Unarudisha elfu, unapokea mia, halafu anaomba umbadilishie hizo ndogo upate kubwa, na sauti nyingine nyuma inauliza bei ya sukari. Mwisho wake yeye ana elfu yake na sehemu ya chenji yako. Dawa yake ni taratibu: noti ya mteja inabaki juu ya droo, chini ya kitu kizito, mpaka chenji iko mkononi mwake. Taja kwa sauti: "Elfu moja, themanini, chenji mia tisa ishirini." Akibadili nia, rudisha kila kitu mahali pake, chenji yote irudi kwako kwanza, ndipo muanze upya. Mwambie anayeuliza sukari asubiri.

Noti bandia hupitishwa jioni na umeme ukikatika. Iguse: maandishi ya noti halali yana mwinuko unaosikika kwa kidole. Iinue kwenye mwanga: utaona kichwa cha simba na thamani ya noti. Iinamishe: uzi wa usalama hubadili rangi. Noti za 2019 na zilizotolewa 2024 zinatofautiana kidogo kwenye uzi na saini, zote ni halali. Ile elfu ya zamani haitumiki tangu Oktoba 2019. Weka tochi ya kuchaji kando ya droo kwa kazi hii tu. Ukishaipokea bandia, usijaribu kuipitisha kwa mwingine, kwani hapo kosa linakuwa lako. Ipeleke benki au polisi.

Kwa M-Pesa, kanuni ni moja: usisome simu ya mteja. Picha ya ujumbe hutengenezwa, na ujumbe wa uongo hutumwa kwa namba ya kawaida ukiwa na maneno yale yale. Wa kweli huingia kwenye mfululizo ule ule wa jumbe zako za zamani za MPESA, na salio lake linalingana na la mwisho pamoja na kilicholipwa. Palipo na foleni, anayehudumia awe na simu ya tili, yaani ya namba ya malipo ya duka, mbele yake. Tumia namba ya tili badala ya namba yako binafsi, maana aliyetuma kwa namba ya mtu anaweza kuomba kurudishiwa akiwa ameshaondoka na mzigo.

Anayepiga akidai anatoka Safaricom kwa namba nyingine isiyo 0722 000 000, kata. Ujumbe wa utapeli usambaze kwa 333. Na ukiambiwa "nimekutumia kimakosa, nirudishie", angalia salio kwanza, kisha mwambie atume ujumbe wake kwa 456, usimtumie wewe.

Mtu akikamatwa na kitu chako, usipige ukelele wa mwizi. Siku ya umati ukelele huo unaua, na wanaopiga hawajui alichukua nini wala kama alichukua. Mwekeni ndani ya duka, mpigieni polisi, 999 au 112.

Sokoni na jetini

Nauli na pesa ndogo zikae mfuko mmoja, pesa za Idi zikae mahali pengine kabisa. Anayefungua pochi yenye elfu nane kutafuta shilingi hamsini sokoni karibu na Ngome ya Lamu amewaonyesha watu wote wa foleni. Hatari kubwa kuliko soko ni jeti ya Mokowe, upande wa bara, ule wakati wa kukanyaga boti: mkono mmoja umeshika ukingo, mwingine umeshika mtoto, simu iko mfuko wa nyuma. Simu iingie ndani ya mkoba uliofungwa kabla ya kufika ngazini. Hamali akubaliwe bei kabla hajagusa mzigo, na utembee nyuma yake, usimtangulie.

Ukisafiri

Usiweke safari kwenye hali (status) ya WhatsApp mpaka urudi. Andika namba za runinga, za injini na za simu (bonyeza *#06#), upige picha vyote, umpe mtu aliye nje ya nyumba nakala. Dhahabu ipimwe kwa gramu na ipigwe picha juu ya rula. Bila hivyo, hata ikipatikana, ni vigumu kuthibitisha bangili hiyo ni yako na si ya mwingine. Kasha la bibi ni zuri, lakini ndilo la kwanza kufunguliwa.

Mwenye boti aifungue injini na kuiingiza ndani. Isipowezekana, bolti zake mbili za kukazia zifungwe kwa kufuli ya kuzivika pamoja, na namba ichongwe mahali pengine pia, kwani bamba la mtengenezaji hung'olewa kwa dakika moja.

Ukikuta pameingiliwa

Usiingie peke yako, wala usipange vitu. Shusha mlango, kaa nje, piga simu. Ripoti ikiandikwa, taja saa uliyoondoka na saa uliyorudi, maana sheria ya Kenya huhesabu usiku kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kuvunja nyumba usiku ni kosa tofauti na la mchana. Usiondoke kituoni bila namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Simu ikiwa imeibwa, kabla hata ya kituo azima laini ya Safaricom ya mtu mwingine, piga 100, ufunge laini na M-Pesa.