Kukalafati mashua ukiwa visiwani

Jamani ukizunguka na mashua huko Mafia na Songosongo usitegemee fundi, kukalafati (kuziba mianya ya mbao kwa pamba maji yasiingie) utafanya mwenyewe tena kwenye tope. Subiri bamvua (zile siku maji ya bahari yanajaa na kupwa sana), maji yakijaa ipandishe juu uifunge kamba, yakipwa inabaki kavu na hapo una saa chache tu. Ila usiipandishe siku bamvua linaisha, utakaa hapo wiki 2 unahesabu kaa.

Kwangua magamba yote halafu gonga mbao usikilize, ikilia kama debe tupu ujue wadudu wameshaila kwa ndani. Panapovuja chomoa pamba ya zamani yote, usiongeze mpya juu ya iliyooza, mi nilifanya hivyo mara moja tukafua maji, yani kuyachota na kuyamwaga nje, usiku kucha. Pamba mpya isokote, ichovye mafuta ya nazi au sifa, yani mafuta ya papa (sifa ndo nzuri ila hiyo harufu, nililazwa barazani siku 3), ipige na patasi taratibu maana ukizidisha mbao inapasuka. Chini paka deheni, yani shahamu na chokaa, kwa mkono tu.

Mashine nayo, ukifika iungurumishe kwenye pipa la maji ya kisima dakika 10, na uangalie kama inakojoa vizuri, yani inatoa ule mchirizi wa maji ya kuipoza, isipokojoa zima hapohapo.