Namna ya Kuitazama Le Million ya René Clair

René Clair, mwongozaji wa filamu wa Kifaransa, alipotoa filamu ya vichekesho Le Million mwaka 1931, sauti ilikuwa bado ngeni katika sinema ya Ufaransa, naye alichukizwa na filamu ambazo waigizaji walisimama tu na kuzungumza kana kwamba wako kwenye jukwaa la tamthilia. Kwa hiyo, anayetaka kuuelewa mtindo wake ajiulize katika kila tukio: sauti hii inaongeza nini ambacho picha haijakisema?

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Michel, msanii anayeandamwa na wadai, ameshinda bahati nasibu, lakini tiketi imo ndani ya koti ambalo mchumba wake, Béatrice, amempa mtu anayekimbia polisi, na baadaye koti hilo linanunuliwa na mwimbaji wa opera.

Anza na purukushani ya kugombania koti nyuma ya jukwaa la opera. Izime sauti kwanza, uone watu wakinyang'anyana nguo. Kisha rudia ukiwa umeiwasha, nawe utasikia vipenga na kelele za mashabiki, kwa maana Clair ameibandika sauti ya mechi ya raga juu ya ugomvi huo. Kichekesho kinazaliwa pale picha na sauti zinapokutana.

Tukio linalostahili kurudiwa zaidi, na kwangu ndilo bora kuliko yote, ni lile la jukwaani. Michel na Béatrice, waliokuwa wamekosana, wananaswa nyuma ya mapambo ya jukwaa pazia linapofunguliwa, wasiweze kutoka wala kusema neno. Mbele yao waimbaji wawili wasiopendana hata kidogo wanaimba wimbo wa mapenzi, na maneno ya wimbo huo yanawapatanisha wapenzi waliojificha. Tazama nyuso zao badala ya waimbaji: upendo wa uongo ndio wenye sauti, na ule wa kweli uko kimya.

Usiyapuuze mandhari ya filamu, yaliyobuniwa na Lazare Meerson, aliyetumia vitambaa vyepesi ili vitu vya nyuma vififie na waigizaji waonekane wazi.

Ukimaliza, tafuta filamu yake nyingine, Sous les toits de Paris ya mwaka 1930, ambamo Clair anaufunika ugomvi kwa mngurumo wa treni na kuyaficha mazungumzo nyuma ya mlango wa kioo, kisha linganisha: huko sauti inaondolewa kwa tahadhari, ilhali katika Le Million inachezewa kwa uhuru mkubwa zaidi.