Namna ya Kutunza Bila Kumharibia Mwimbaji

Nikimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba napenda taarabu, la kwanza anauliza kama kule ukumbini bado tunapigana. Swali hilo linaniuma, na linaniuma zaidi kwa kuwa tumelitafuta wenyewe. Nimekaa kwenye kumbi hizi tangu enzi za makundi ya TOT na Muungano, miaka ya 1990, mashabiki tulipogawanyika kama wa Simba na Yanga. Haya ndiyo ninayowaambia wasichana wa kikundi chetu cha mashabiki kila tunaposhona sare mpya.

Anza na kutunza, yaani kumpa mwimbaji noti akiwa jukwaani, maana hapo ndipo tunapoharibu zaidi. Chenji noti zako kabla hujaingia. Ukisimama kuhesabu mbele ya jukwaa unawaziba waliokaa. Usinyanyuke mwimbaji akiwa katikati ya ubeti. Mara nyingi fumbo linakaa kwenye mstari wa mwisho, na ukimshika bega hapo umemkata pumzi, ukumbi mzima umekosa neno. Subiri kiitikio. Pita upande wa mkono usioshika maiki, mwekee noti kiganjani au kwenye kapu kama lipo, kisha ondoka. Usimbandike usoni wala usimchomeke kifuani. Nimewahi kumwona mwimbaji akitabasamu huku vidole vimekaza maiki mpaka vimepauka, mama mmoja anamchomeka noti kifuani, shoga yake anarekodi. Alimaliza wimbo. Hakutazama tena upande wetu usiku ule.

Halafu kuna kidole. Mtunzi wa mpasho, wimbo wa vijembe, kayaficha maneno makusudi, kila mmoja ajione humo. Ukimnyooshea hasimu wako kidole huku unatunza, umelivunja fumbo na umemtia mwimbaji kwenye ugomvi asioujua. Temeke niliona kidole kama hicho kikizaa vita vya viti. Mpiga kinanda alikilalia chombo chake kwa mikono miwili kisivunjwe, na wimbo haukuisha. Toka siku ile tuna mtu mzima mmoja asiyenyanyuka kutunza, kazi yake kuangalia. Anayenyoosha kidole anavua sare, na haivai tena mpaka aende kwa aliyemnyooshea akamwombe radhi. Ukinyooshewa wewe, kaa kitini uusikilize wimbo uliolipia.

Na usimuulize mwimbaji alimwimba nani. Kuimba vijembe ni kazi yake, na akishuka jukwaani ni mama wa watu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, alisimangwa kwa wimbo kuhusu umaskini aliotoka nao kijijini. Alijibu kwa wimbo pia, kwamba uzuri wa sura si hoja, bora akili. Hakuhitaji shabiki wa kumpigania.

Kwenye simu, rekodi kipande kifupi ukiwa umekaa, kisha andika jina la mwimbaji, la kundi na la mtunzi wa maneno. Mtunzi tunamsahau mno: mara nyingi si yule anayeimba, na wapo watunzi wazee ambao mashairi yao tunayajua kwa moyo ilhali majina yao hatuyajui. Usikate beti mbili ukazibandika kwenye picha ya jirani yako. Ukifanya hivyo umemtukana jirani kwa sauti ya mtu mwingine.

Kiingilio lipa. Kusema unamjua mlinzi si ushabiki.

Mwisho, wapigaji. Noti zote huishia mbele, kwa mwimbaji, na yule wa besi anakesha bila hata mtu kumpa mkono. Onyesho lijalo noti yako ya kwanza ipeleke kwake. Pitia nyuma ya spika, na inua dera lako kidogo usije ukakokota waya.