Picha za karafuu jamvini: nilivyopanga kitabu changu Wete

Nilikuwa na picha elfu nne na ushei, misimu mitatu ya karafuu kuzunguka Wete, Konde na Mtambile kisiwani Pemba, zote zimelala kwenye diski. Kila nikifungua kompyuta nazipenda zote. Basi la kwanza: chagua kwa haraka kama 200, uache zilizotikisika na zinazojirudia, kisha zima kompyuta uzipeleke kusafishwa, saizi ya postikadi. Gharama ipo, lakini picha iliyo mkononi unaiona kwa jicho jengine.

Tandika jamvi ukumbini, zima feni (mie nilisahau, nikazifuata mpaka uvunguni), uzimwage. Sasa chambua. Aliyewahi kukaa barazani usiku na rundo la karafuu mbichi anaujua mwendo: karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule, mkono hausiti. Lakini makonyo usiyatupe. Kule Wawi kiwanda huyatoa mafuta. Yangu, yaani picha nilizozikataa, niliyatia bahasha, na picha sita zilirudi kitabuni baadaye, kwani nyuso zilikuwa zimefuatana mno na jicho halikuwa na pa kupumzikia: njia tupu, gunia, mvua juu ya bati.

Kilichonichelewesha zaidi ni jozi. Kitabu kikifunguliwa, picha mbili zinatazamana na zitasemezana utake usitake. Kushoto nilimweka kijana aliye kileleni mwa mkarafuu, kulia mzee aliyelala chali barazani. Kila aliyeangalia aliuliza, "Kaanguka?" Wala. Mzee alikuwa kapumzika baada ya adhuhuri, na si yeye aliyepanda. Nikawatenganisha kwa kurasa kumi. Zisogeze picha zako jamvini siku kadhaa, kila jozi ujiulize inasema nini, na mtu asiyeijua hadithi aiangalie bila wewe kumsimulia.

Mfululizo usiufunge kwa tarehe. Wangu unafuata kazi yenyewe: kuchuma, kuchambua, kuanika, kuanua, kupima. Kwa hapo tafuta anayeijua kazi kuliko wewe. Nilikuwa na picha moja ya karafuu zilizofifia rangi, kama majivu yenye wekundu ndani, nikaipa ukurasa mzima pale pa kuanika. Shangazi yangu akavaa miwani, akaitazama.

"Hizi mpeta, mwanangu."

"Lakini picha nzuri, shangazi."

"Nzuri kwako. Mtu wa karafuu akiona hivi atasema hatujui kuanika."

Alikuwa sahihi. Zile hazikuwahi kupata jua la kutosha. Sikuitoa, niliihamisha ikaja baada ya mvua juu ya bati, na hapo kurasa zile mbili zikaeleza hasara nzima bila neno hata moja.

Ukishapata mpangilio, tengeneza kitabu cha majaribio kwa mkono: karatasi za kawaida, uzikunje, uzishone kwa uzi katikati, ubandike picha kwa gundi. Idadi ya kurasa igawike kwa 4. Ikiwa kitashonwa kwa mafungu (karatasi zilizokunjwa pamoja), muulize mchapaji fungu lake lina kurasa ngapi. Langu lilikuwa 16, nikaenda kwa kurasa 64 na picha 43, kurasa nyingine tupu kwa makusudi. Kwenye mkunjo wa katikati usiweke uso wa mtu. Picha niliyoipenda kuliko zote ilitanda kurasa mbili, na pua ya binti ikazama mshononi. Niliipunguza ikakaa ukurasa mmoja.

Maelezo ya picha niliyaweka mwisho, mafupi: mahali, mwaka, kazi inayofanyika. Kabla ya hapo rudi kwa waliomo. Mtu kukubali kupigwa picha shambani hakumaanishi kakubali kuwamo kitabuni. Mama mmoja aliniambia ile ya kwake hapana, kavaa kanga ya kazini. Ikatoka, na mshirika wake wa ukurasa naye akatafutiwa mwenzake mwengine.

Usiagize nakala nyingi kwa mkupuo. Omba moja kwanza, kwenye karatasi ile ile itakayotumika, uitazame nje kwenye mwanga wa mchana. Yangu ilirudi na kiza kimemeza macho ya watu wote waliokuwa chini ya mikarafuu. Niling'arisha picha 19, nikaomba nyingine.