Namna ya Kupanga Wiki ya Kazi Ili Upate Nafasi ya Kutazama Filamu Mbili Mpya

Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayeripoti kazini siku sita kwa wiki hulalamika kwamba hana muda wa kutazama filamu, na mtu huyohuyo hukutwa Jumatano saa saba usiku akiwa ameshika simu kitandani, akimalizia filamu ambayo hata hakuipenda. Yote mawili ni kweli. Muda wa burudani usipowekwa mapema, hutafutwa baadaye kwenye usingizi, na deni hilo hulipwa asubuhi mbele ya mteja au mbele ya daftari la hesabu. Mwongozo huu unaeleza utaratibu ambao mimi, karani wa hesabu katika duka la jumla, nimeufuata kwa muda sasa: filamu mbili kwa wiki, moja nyumbani na moja ukumbini inapowezekana, bila kugusa saa za kulala.

Anza na hesabu, kwa sababu wengi hupanga wiki kwa kukisia. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, katika siku zisizozidi sita, na inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na inayofuata, pamoja na saa 24 mfululizo kila wiki. Toa saa 45 hizo. Toa 56 za kulala, yaani nane kila usiku. Toa 18 za barabarani, kwa mtu anayetoka Kimara au Mbagala kwenda Kariakoo na kurudi kwa wastani wa saa tatu kwa siku, na 6 za mapumziko ya mchana. Zinabaki 43. Kupika, kufua, sokoni, ibada, kikoba, watoto na misiba vitachukua 30 bila hata kubisha hodi. Mkononi mwako zimesalia saa 13.

Saa 13 zinatosha filamu mbili na chenji ikabaki. Tatizo ni kwamba hazikai pamoja: zimetawanyika katika vipande vya dakika ishirini hapa na kumi na tano pale, na vipande hivyo ndivyo huishia kwenye video fupifupi za simu. Kazi ya kupanga wiki ni kuvikusanya vipande hivyo viwe vikao viwili, na njia ya kuvikusanya ni kuhamisha kazi ndogondogo za nyumbani kutoka siku ya filamu kwenda siku iliyotangulia. Kwangu siku hizo ni Jumatano jioni na Jumamosi alasiri. Maharage ya Jumatano huchemshwa Jumanne, na sare za watoto za siku mbili hupigwa pasi kwa mpigo mmoja. Bila hatua hiyo, kikao cha Jumatano kitaanza saa tatu usiku badala ya saa moja na nusu, na hapo tumekwisha rudi kwenye usingizi.

Hatua inayofuata, ambayo wengi huiruka, ni kuchagua filamu kabla siku yake haijafika. Mtu aliyechoka hachagui vizuri. Huketi na kidhibiti mbali mkononi, akapitia picha moja baada ya nyingine, akatazama trela sita, na kufikia saa tatu anaamua kurudia filamu aliyoiona mwaka jana kwa kuwa angalau anajua haitamuudhi. Kwa hiyo weka orodha ya filamu zisizozidi tano, uiandike Jumapili ukiwa umetulia, na mbele ya kila jina uandike urefu wake kwa dakika, lugha yake, na mahali inapopatikana. Urefu una maana kubwa kuliko unavyodhaniwa. Filamu ya Oppenheimer ya mwaka 2023, kwa mfano, ni ya saa tatu kamili. Anayeianza saa mbili na nusu usiku, akaongeza dakika za kuweka chai na za kumjibu mtoto, atalala baada ya saa sita. Filamu ya namna hiyo haifai Jumatano hata iwe nzuri kiasi gani. Siku za kazi chagua zisizozidi dakika 110.

Katika orodha hiyo, amua pia ni filamu ipi inastahili nauli na tiketi, na ipi inaweza kusubiri. Kabla ya janga la UVIKO-19, filamu kubwa za Marekani kwa kawaida zilikaa kumbini kwa takribani siku 90 kabla ya kuruhusiwa kuingia majumbani. Sasa nyingi husubiri siku 45 hivi, na nyingine chini ya hapo. Maana yake ni kwamba asiyekuwa na haraka hupoteza kidogo sana. Mimi hutoa pesa ya ukumbi kwa filamu ambayo giza, kioo kikubwa na sauti vinaibadilisha kweli, na kwa filamu za kwetu. Za kwetu zina sababu yake: mara nyingi hazidumu ukumbini, na ukiahirisha wiki mbili huenda usizikute. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kuoneshwa katika Tamasha la Filamu la Toronto mwaka 2021, ni mfano wa filamu ambayo mwanga wa Mji Mkongwe ni sehemu ya hadithi yenyewe, na mwanga huo hauingii vizuri kwenye kioo cha simu. Mwenye uwezo wa kuvuka bahari na aweke akiba yake kwa ajili ya Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo kwa miaka mingi limeonesha filamu zake ndani ya Ngome Kongwe, watu wakiwa wamekaa chini ya anga.

Kuhusu bando, hesabu yake ni rahisi. Kwa maelezo ya Netflix yenyewe, ubora wa chini hutumia hadi GB 0.3 kwa saa, wa kati hadi 0.7, na wa juu hadi GB 3 kwa saa katika picha angavu. Filamu ya saa mbili, basi, inaweza kukugharimu GB 0.6, 1.4 au 6, na kwenye simu ya kawaida jicho halioni tofauti kubwa kati ya ubora wa kati na wa juu. Weka ubora wa kati, pakua filamu usiku kwa kifurushi cha usiku, kisha uitazame bila intaneti. Kwa kufanya hivyo utaepuka pia kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo wakati muuaji anakaribia kutajwa. Wapo wanaojaziwa filamu kwenye flashi mtaani kwa bei ya andazi; najua ni nafuu, lakini mtengenezaji wa filamu wa Tanzania hapati hata senti katika biashara hiyo, na kazi yake inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Jumatatu usitazame chochote. Ni siku ya kufunga mauzo ya mwisho wa wiki na ya kulala mapema. Alhamisi na Ijumaa ni za kufidia: ikiwa dharura ilikula Jumatano, kikao kihamie Alhamisi, lakini kisihamie mara mbili. Kikihamia mara ya pili, futa filamu ya wiki hiyo uendelee na maisha yako.

Usitazame filamu ndani ya daladala pia. Nilijaribu nikiamini nimegundua saa 18 za bure. Siku moja nilikuwa nimezama kiasi kwamba nilishtushwa na konda akigonga kiti: "Dada, gari imefika mwisho, au unarudi nasi?" Nilikuwa nimepita kituo changu vituo vinne, nikalipa nauli nyingine kurudi. Barabarani sikiliza redio, soma, au sinzia.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Mwisho wa mwezi mmoja nilikesha na tamthilia hadi saa nane usiku, na asubuhi nikaingiza malipo ya shilingi 1,300,000 kama 130,000. Mzee aliyekuwa akisimamia hesabu zetu hakunifokea. Aliniita baada ya shikamoo, akaweka kidole chini ya tarakimu na kuuliza kwa upole, "Mwanangu, sifuri nyingine umeisahau nyumbani?" Tangu hapo siku tatu za mwisho wa mwezi hazina filamu wala tamthilia katika ratiba yangu, na ninamshauri kila anayeshika fedha za watu afanye vivyo hivyo.

Tamthilia zinahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa filamu humalizika na tamthilia hukuvuta mkono. Tamthilia nyingi za Kikorea zina vipindi 16 vya takribani saa moja kila kimoja, yaani saa 16, zaidi ya salio lako lote la wiki. Isitoshe, waandishi wake hukata kila kipindi pale moyo unapodunda, ili ushindwe kuzima. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kutozima mwishoni mwa kipindi. Zima katikati, pale watu wanapokula supu na kuzungumza mambo ya kawaida, na kesho yake uanzie hapo. Utaona kuzima ni rahisi mno, kwa sababu hujaachwa ukining'inia.

Ikiwa nyumbani mnatazama pamoja, orodha isiwe ya mtu mmoja. Angalia kwanza daraja la umri lililotolewa, kwa kuwa bodi za filamu huzipanga kazi kulingana na watazamaji. Nchini Kenya, kwa mfano, bodi hutumia alama za GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, 16 na 18. Mfikirie pia asiyefuatilia maandishi ya tafsiri kwa kasi. Mama mkwe wangu ni msomaji mzuri, lakini herufi nyeupe zinazokimbia chini ya kioo humchosha, na kila baada ya dakika tano huuliza, "Huyu ndiye yule aliyeiba mkufu?" Kwake, filamu za enzi za akina Lufufu, waliokuwa wakisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya wahusika, bado ndizo filamu. Jumatano akiwepo tunachagua ya Kiswahili, au tunafungua chaneli ya Sinema Zetu, na maswali hupungua. Hayaishi.

Jumamosi, kwa wanaotoka kazini mchana, nenda ukumbini moja kwa moja kutoka kazini. Ukipita nyumbani kwanza, hutoki tena. Chagua onesho la alasiri, la saa tisa au saa kumi, badala ya lile la usiku: utatoka wakati daladala bado ni nyingi, hutalazimika kukodi bodaboda ya gharama, na Jumapili haitaanza kwa uchovu. Ukumbi wa Mlimani City unawafaa wanaopitia Ubungo. Kula kabla ya kuingia, kwa kuwa bisi za mlangoni zinaweza kukaribia bei ya tiketi. Ratiba ihakikishwe siku hiyohiyo asubuhi, maana maonesho hubadilishwa pasipo taarifa ndefu. Na Jumamosi ya Simba na Yanga, ahirisha filamu mapema, kwa hiari yako, kabla watu wa nyumbani kwako hawajakuahirishia.

Jumapili iachie watu: ibada, mgonjwa wa kutembelewa, shangazi aliyelalamika kwamba hupigi simu. Jioni, inapofika saa kumi na mbili, kaa dakika kumi na daftari. Andika mstari mmoja kuhusu kila filamu uliyoiona, ili usiirudie kwa kusahau na ujue ushauri wa nani ofisini unaaminika. Kisha andika tano za wiki ijayo na urefu wake. Kagua salio la bando. Kagua na LUKU, ununue umeme hapohapo ikiwa uniti ni chache, kwa sababu mara ya mwisho nilipoliacha hilo hadi Jumatano, taa ilizimika dakika ya tisini na mbili ya filamu ya dakika mia moja, na mtandao wa malipo ukarudi kesho yake saa mbili asubuhi, nikiwa tayari kwenye foleni ya Ubungo.