Mafunzo ya vitendo kwenye idara ya kodi, Kampala: kazi utakazokabidhiwa na pale zinapoharibikia

Wanafunzi wengi wa Makerere, Kyambogo na MUBS (chuo cha biashara cha Makerere) huenda mafunzo ya vitendo kati ya Juni na Agosti. Kwa idara ya kodi ya kampuni kubwa ya uhasibu, unaingia wakati wa pilikapilika. Kampuni inayofunga mwaka wake wa hesabu 31 Desemba lazima iwe imewasilisha ritani (taarifa rasmi) ya kodi ya mapato kufikia 30 Juni. Mwezi huohuo bajeti husomwa, na mabadiliko ya sheria za kodi kwa kawaida huanza 1 Julai. Wiki za kwanza hakuna mwenye nafasi ya kukufundisha mambo ya msingi, kwa hiyo yajue kabla hujafika.

Anza na sheria tatu: ya Kodi ya Mapato, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na ya Taratibu za Kodi. Angalia nakala uliyonayo ni ya lini. Toleo jipya la sheria za Uganda lilianza kutumika 1 Julai 2024 na vifungu vingi vikapewa namba mpya. Sheria ya Kodi ya Mapato iliyokuwa Sura ya 340 sasa ni Sura ya 338. Hukumu za zamani bado zinataja namba za zamani, kwa hiyo andika zote mbili kwenye karatasi zako za kazi. Barua kwa URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) yenye namba ya kifungu isiyokuwepo itarudishwa na msimamizi wako hata kabla hajamaliza aya ya kwanza.

Tarehe 15 ndiyo inayoendesha mwezi mzima. PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara), kodi ya zuio (inayokatwa na mnunuzi kwenye malipo ya muuzaji) na VAT za mwezi uliopita zote zinatakiwa siku hiyo, na kodi iliyochelewa hutozwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Takwimu za mteja zikikufikia tarehe 14, huna muda wa kuzikagua. Anza kumkumbusha mapema, kwa barua pepe, ili kumbukumbu ibaki.

Hesabu ya PAYE ni fupi lakini ina mtego. Mshahara ukizidi shilingi 410,000 kwa mwezi bila kuvuka milioni 10, kodi ni 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi hapo. Mfanyakazi wa 1,200,000 analipa 25,000 na 237,000, jumla 262,000. Anayechukua jedwali la Kenya au Tanzania huondoa mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kwanza, na hapo kodi inapungua kimakosa: Uganda ile asilimia 5 ya mfanyakazi haipunguzi kipato kinachotozwa. Kodi ya huduma za serikali za mitaa ndiyo inayoondolewa kwanza, nayo hukatwa kwa awamu nne, Julai hadi Oktoba. Ndiyo maana PAYE ya Julai inaweza kutofautiana na ya Juni ingawa mshahara haukubadilika.

Kwenye kodi ya zuio, kosa la kawaida ni kutoza juu ya jumla ya ankara. Ankara ya 5,900,000 ina bei ya 5,000,000 na VAT ya 900,000. Asilimia 6 ya zuio inahesabiwa kwenye 5,000,000, yaani 300,000. Mnunuzi akiwa pia wakala wa kuzuia VAT, anakata asilimia 6 nyingine ya thamani hiyohiyo. Hizo ni kodi mbili tofauti, zenye hati mbili tofauti, hata kama tarakimu zinafanana. Kabla ya kukata, hakikisha muuzaji hana msamaha kutoka URA.

Kazi itakayokula siku zako nyingi ni kulinganisha mauzo ya VAT na mauzo ya vitabu. Tunakushauri uipende, kwa sababu hapo ndipo unapojifunza biashara ya mteja kuliko popote pengine. URA nayo hufanya ulinganisho huohuo, na tofauti isiyoelezwa inaweza kuja kama tathmini ya kodi, yaani dai rasmi la kodi ya ziada. Chukua ritani 12 za VAT, leja ya mauzo, na orodha ya ankara kutoka EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki. Weka safu tatu kwenye Excel, mwezi kwa mwezi, kisha tafuta chanzo cha kila tofauti.

Tuseme vitabu vinaonyesha milioni 1,840 na ritani milioni 1,905. Tofauti ni milioni 65. Gari la zamani liliuzwa kwa milioni 40: VAT ilitozwa, lakini vitabu havikuliweka kwenye mauzo. Milioni 25 ni malipo ya awali yaliyotolewa ankara mwezi wa mwisho, huku huduma ikitolewa mwaka uliofuata. VAT haingoji huduma ikamilike. Sasa tofauti imeisha, na kila mstari una namba ya ankara yake. Usijumlishe ziada na upungufu pamoja ili ipatikane sifuri. Makosa mawili yanayofutana bado ni makosa mawili, na mkaguzi atayaona yote.

Upande wa manunuzi, ambako mteja hudai VAT aliyolipa, soma ankara yenyewe. Je, ina TIN (namba ya mlipakodi) ya mteja, au ilitolewa kwa jina la dereva aliyetumwa dukani? Imepita miezi 6? Ni ya gari la abiria au ya burudani za wageni? Ukikuta hivyo, itoe kwenye dai na uandike sababu pembeni.

Ukipokea tathmini kutoka URA, piga muhuri wa tarehe palepale. Pingamizi lina siku 45. Kamishna akishatoa uamuzi, mteja ana siku 30 za kwenda Baraza la Rufani za Kodi, na huko anatakiwa kulipa asilimia 30 ya kodi iliyotathminiwa au sehemu isiyobishaniwa, ile iliyo kubwa zaidi. Karatasi iliyolala wiki mbili chini ya faili imemnyima mteja karibu theluthi ya muda wake wa pingamizi.

Daftari lako la mafunzo litasomwa chuoni, kwa hiyo usiandike humo jina la mteja wala kiasi chake. Andika "kampuni ya saruji, ulinganisho wa VAT, miezi 12", na msimamizi asaini kila Ijumaa. Ukimwachia saini za wiki nane siku ya mwisho, hatakumbuka ulichofanya. Faili za mteja zisitumwe WhatsApp wala kwenye barua pepe binafsi, na habari zake zisizungumzwe kwenye teksi ya kurudi Ntinda: abiria wa kiti cha mbele anaweza kuwa mhasibu wa mshindani wake.