Kukadiria umbali na muda wa safari ya ndege, kwa msafiri anayeanzia Tanga

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mfanyabiashara mmoja wa nguo wa Ngamiani, hapa Tanga, aliyetaka kujua atakaa angani kwa muda gani na atatua saa ngapi. Mfano wetu ni safari ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou, China.

Hatua ya kwanza ni kutafuta umbali. Andika DAR na CAN, yaani alama za viwanja hivyo viwili, katika tovuti yoyote ya kupimia safari za ndege, nawe utapata takriban kilomita 8,700. Rula juu ya ramani ya ukutani haifai kabisa, kwa sababu dunia ni duara na ramani bapa huipotosha. Mimi hupendelea tufe, yaani mfano wa dunia wa mviringo: kaza uzi kati ya miji miwili, upeleke uzi huo kwenye ikweta, kisha uhesabu digrii zake, kila moja ikiwa kilomita 111.

Hatua ya pili, gawanya umbali kwa kilomita 850, ambao ni mwendo wa wastani wa ndege kwa saa, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hapa tunapata kama saa 10 na dakika 45.

Hatua ya tatu ndiyo inayowapoteza wengi. Saa zinazochapwa kwenye tiketi ni za mji husika, na Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 5. Tuseme ndege inaondoka Dar es Salaam 17:00. Ukiongeza muda wa safari unapata 03:45 ya kwetu, na ukiongeza 5 unapata 08:45 ya huko, siku inayofuata. Anayetoa 17:00 katika 08:45 bila kujali tofauti hiyo atadhani safari ni ya karibu saa 16. Na wakati wa kurudi, kosa hilohilo litamfanya aione fupi mno. Nasisitiza kwamba hesabu yote ifanywe kwa saa za tiketi, na ugeuzaji kwenda saa za Kiswahili uwe wa mwisho: 08:45 ni saa tatu kasorobo asubuhi. Anayechanganya saa za Kiswahili na za tiketi katikati ya hesabu hukosea kwa saa sita, na kosa la namna hiyo halionekani kirahisi. Hatari kubwa zaidi ni ndege za baada ya usiku wa manane. Tiketi ikisema 00:30 ya tarehe 12, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo uwe uwanjani tangu jioni ya tarehe 11. Atakayefika usiku wa tarehe 12 atakuta ndege iliondoka usiku uliotangulia. Kwa miji ya Ulaya, angalia pia mwezi, kwani London huwa nyuma yetu kwa saa 3 majira ya baridi na saa 2 majira ya joto.

Mwisho, ongeza safari ya nchi kavu. Kwa mstari ulionyooka, Tanga na Dar es Salaam zimeachana kwa kilomita 200 hivi, lakini barabara kuu inayozunguka kupitia Segera na Chalinze ni kama kilomita 350. Kwa ndege ya 17:00 unatakiwa kuwa uwanjani kufikia saa nane mchana, na kutoka stendi ya Mbezi hadi uwanjani bado kuna foleni. Kwa hiyo ninashauri kuondoka stendi ya Kange, Tanga, siku moja kabla.